Mchezaji Naye ni Mfanyakazi

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa sana siku hizi na wapenzi wa kandanda, mjini na shamba, ni hili la wachezaji wa kulipwa kuumia mmoja baada ya mwingine. Haipiti wiki bila ya habari kwamba fulani amechanika msuli wa paja, fulani amekatika kano ya goti, na fulani mwingine, aliyerudi uwanjani juzi, ametolewa tena juu ya machela. Wako wasemao kwamba hiyo ni bahati mbaya. Wako wasemao kwamba ni jicho la watu. Na wako wasemao kwamba vijana wa leo ni laini kuliko wazee wao. Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Twaona kwamba jambo hili lina sababu zake, kwamba sababu hizo zajulikana, na kwamba nyingi katika hizo zimetengenezwa na binadamu kwa mikono yake mwenyewe. Lililotengenezwa na binadamu, binadamu aweza kulitengua akitaka.

Natutazame tukio moja lililo wazi kwa kila mtu. Tarehe 17 Septemba, 2024, Rodri, kiungo wa Manchester City na wa timu ya taifa ya Hispania, aliulizwa na waandishi wa habari juu ya wingi wa michezo. Akajibu kwamba wachezaji wamekaribia kugoma. Siku 5 baadaye, klabu yake ilipokuwa ikicheza na Arsenal, alianguka katika kipindi cha kwanza, na madaktari wakakuta kano ya goti lake imekatika. Mwezi uliofuata alitunukiwa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, naye akaenda kuipokea akitembelea magongo. Hatusemi kwamba goti lile lilikatika kwa sababu ya ratiba peke yake. Hakuna tabibu awezaye kuapa hivyo juu ya goti la mtu mmoja. Lakini twasema kwamba mtu aliyelia kuwa amechoka hakusikilizwa, na kabla wiki haijapita akawa kitandani. Mwenye macho haambiwi tazama.

Haki yataka tuseme kweli yote, hata ile isiyotusaidia katika hoja yetu. Si kila jeraha limezidi. Tangu msimu wa 2001/02 Shirikisho la Kandanda la Ulaya, UEFA, limekuwa likiweka hesabu ya majeraha katika vilabu vikubwa, kazi iliyosimamiwa na tabibu wa Kiswidi, Jan Ekstrand. Hesabu ya misimu 18 ya kwanza ilionyesha kwamba, kwa jumla, majeraha yalipungua, yakiwamo yale ya kano. Jambo hilo halikuja lenyewe. Wazee wetu wakumbuka Kombe la Dunia la mwaka 1966, Pelé alipopigwa mateke na Wareno akabaki uwanjani akichechemea, kwa kuwa sheria za siku zile hazikuruhusu kumbadilisha mchezaji aliyeumia. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 zikaja kadi za njano na nyekundu, na ruhusa ya kubadilisha wachezaji. Mwaka 1998 waamuzi wakaamriwa kumtoa nje yeyote atakayemkata mwenzake kwa nyuma. Amri hiyo ilichelewa kumfaa Marco van Basten wa Uholanzi, ambaye alicheza mchezo wake wa mwisho mwaka 1993, naye ana umri wa miaka 28 tu, kifundo chake cha mguu kikiwa hakifai tena. Lakini iliwafaa waliokuja nyuma yake. Sheria ilipomlinda mchezaji, mchezaji alipona. Tulishike neno hilo, maana tutalirudia.

Basi, katika hesabu hiyo hiyo liko jeraha moja lililokwenda kinyume cha mengine, nalo ni la misuli ya nyuma ya paja. Katika msimu wa 2001/02 jeraha hilo lilikuwa asilimia 12 ya majeraha yote. Ilipofika msimu wa 2021/22 lilikuwa asilimia 24. Maana yake ni kwamba zamani lilikuwa jeraha 1 katika kila 8, na sasa limekuwa karibu 1 katika kila 4. Nalo silo jeraha la kupigwa teke. Mara nyingi mchezaji huumia akiwa peke yake, hakuna adui aliye karibu naye. Aonekana akikimbia, kisha ghafla ashika paja na kuanguka. Kwa ufupi, mchezaji wa zamani alivunjwa na mwenzake, na mchezaji wa leo avunjwa na kalenda.

Yafaa msomaji aelewe jinsi jambo hili litokeavyo. Mtu akimbiapo kwa kasi yake yote, mguu hurushwa mbele kwa nguvu kubwa, na misuli ya nyuma ya paja ndiyo breki yake. Misuli hiyo hunyooshwa na hapo hapo ikajikaza ili kuuzuia mguu usipite kiasi. Kazi hiyo ya kuvutwa na kuvuta kwa wakati mmoja ndiyo inayoichana, hasa inapokuwa imechoka. Na mchezo wa leo wataka kasi kuliko ule wa jana. Michezo ya Ligi Kuu ya Uingereza ilipopimwa kuanzia msimu wa 2006/07 hata msimu wa 2012/13, ilionekana kwamba jumla ya mwendo wa mchezaji katika mchezo mmoja iliongezeka kwa asilimia 2 tu. Lakini mwendo wa kasi kubwa uliongezeka kwa asilimia 30, na mbio za kufyatuka zikapanda kutoka wastani wa 31 hadi 57 katika kila mchezo. Uwanja ni ule ule, dakika ni zile zile, lakini kazi ya misuli imezidi.

Wako watakaotuambia kwamba majeraha yaonekana kuwa mengi kwa sababu vyombo vya kupimia ni bora kuliko vya zamani, na kwamba mchaniko mdogo uliokuwa haujulikani sasa huonekana katika picha. Hoja hiyo ina ukweli wake, wala hatuikatai. Lakini vyombo havimwangushi mtu uwanjani, wala havimweki nje kwa wiki nyingi. Aliyetolewa juu ya machela hakuhitaji picha ili ajulikane kuwa ameumia.

Kama kasi imezidi, akili ya kawaida ingesema kwamba mapumziko nayo yazidi. Mkulima ajua kwamba shamba linalozaa sana ndilo linalohitaji kupumzishwa. Wakubwa wa kandanda wamefanya kinyume. Zamani timu iliyofika fainali ya Klabu Bingwa ya Ulaya, tangu hatua ya makundi, ilicheza michezo 13. Tangu msimu wa 2024/25 itacheza 15, au 17 ikilazimika kupita hatua ya mchujo. Kombe la Dunia lililokuwa na timu 32 na michezo 64 huko Qatar mwaka 2022 lilipangiwa timu 48 na michezo 104 kwa mwaka 2026. Na Kombe la Dunia la Vilabu, ambalo lilikuwa shindano fupi la timu 7, likafanywa shindano la timu 32 na la mwezi mzima, kuanzia tarehe 14 Juni hadi 13 Julai, 2025, nchini Marekani, katika majira ambayo ndiyo yaliyokuwa ya mapumziko.

Matokeo yake yalionekana. Wachezaji wa Paris Saint-Germain walicheza fainali ya Ulaya tarehe 31 Mei, 2025. Wakacheza fainali ya Kombe la Vilabu tarehe 13 Julai. Na tarehe 13 Agosti walikuwa tena uwanjani kugombea Kombe Kuu la Ulaya. Katika shindano hilo la Marekani, tarehe 5 Julai, Jamal Musiala wa Bayern München aligongana na kipa wa Paris akavunjika mguu, akakaa nje kwa muda wa miezi mingi. Mtu aweza kusema kwamba huo ulikuwa mgongano, si uchovu. Kweli. Lakini kila mchezo unaoongezwa ni dakika 90 nyingine za hatari, na kijana huyo aliumia katika mwezi ambao, kwa desturi ya miaka yote, angekuwa nyumbani kwao akipumzika.

Kwamba uchovu huleta jeraha si maneno ya kubahatisha. Baada ya mchezo mmoja mkali, akiba ya nguvu iliyomo ndani ya misuli huchukua siku 2 hadi 3 kurudi mahali pake. Uchunguzi wa UEFA wa misimu 11 ulionyesha kwamba majeraha ya misuli huzidi pale ambapo timu imepata siku 4 au pungufu kati ya mchezo na mchezo, kuliko pale inapopata siku 6 au zaidi. Uchunguzi mwingine juu ya timu moja ya Ulaya, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba wachezaji waliocheza mara 1 kwa wiki walipata majeraha 4.1 katika kila saa 1,000 za mpira, na waliocheza mara 2 kwa wiki walipata majeraha 25.6. Hiyo ni zaidi ya mara 6.

Na katika uchunguzi huo limo jambo jingine ambalo twataka kila mpenzi wa kandanda alitie moyoni. Wale waliocheza mara 2 kwa wiki walikimbia sawasawa na wale waliocheza mara 1. Umbali wao haukupungua, wala kasi yao haikupungua. Mtazamaji aliyekaa jukwaani hakuona tofauti yo yote. Kocha naye, akitazama kwa macho, hakuiona. Mchezaji aliyechoka alifanya kazi kama asiyechoka, mpaka dakika ile alipochanika. Ndiyo maana haifai kusema, "Mbona anakimbia tu?" Mwili hutoa hukumu yake mwisho, na haukubali rufani.

Wanaoumia zaidi ya wote katika mpango huu ni vijana, kwa kuwa kipaji chao huwafanya watafutwe na kila mtu. Pedri wa Barcelona, akiwa na umri wa miaka 18, alicheza michezo 73 katika msimu mmoja, wa 2020/21: ya klabu yake, ya Kombe la Ulaya, na hata ya Olimpiki ya Tokyo. Msimu uliofuata paja lilimsumbua mara kwa mara, akakaa nje miezi kwa miezi. Mwenzake, Gavi, alikatika kano ya goti mwezi Novemba 2023 akiichezea Hispania, naye ana umri wa miaka 19. Muhogo ung'olewao kabla haujakomaa hauwi na unga. Lakini wenye vilabu na wenye timu za taifa, kila mmoja akihofu kwamba mwenzake atavuna kwanza, hung'oa wote wawili.

Wala jambo hili si la wanaume peke yao. Wanawake hukatika kano ya goti mara nyingi kuliko wanaume, na katika miezi michache kabla ya Kombe la Dunia la wanawake la mwaka 2023, klabu ya Arsenal peke yake iliwapoteza Beth Mead, Vivianne Miedema, Leah Williamson na Laura Wienroither kwa jeraha hilo hilo. Maumbile yana sehemu yake. Lakini sehemu nyingine ni kwamba viatu vyao kwa miaka mingi vilitengenezwa kwa kipimo cha mguu wa mwanamume, na elimu ya kuwatibu ilitokana na kuwachunguza wanaume. Mchezo wao umekuzwa upesi, na matunzo yao yamekuja nyuma yakisotasota.

Sasa tuje kwenye jambo linalofichwa sana, nalo ni kumrudisha mchezaji uwanjani kabla hajapona. Hesabu za UEFA zaonyesha kwamba katika majeraha ya paja yanayorudi, zaidi ya theluthi mbili hurudi katika muda wa miezi 2 tangu mchezaji aliporuhusiwa kucheza. Haraka haraka haina baraka. Na pale ambapo mwili wakataa, dawa huuziba mdomo. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2010 huko Afrika ya Kusini, madaktari wa FIFA walikuta kwamba wachezaji karibu 4 katika kila 10 walikuwa wakitumia dawa za kutuliza maumivu kabla ya kila mchezo. Daniel Agger wa Denmark, beki wa zamani wa Liverpool, aliacha mpira mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 31, akaeleza hadharani kwamba alikuwa ametumia dawa hizo kupita kiasi ili aweze kucheza. Na Gabriel Batistuta wa Argentina alisimulia mbele ya watu kwamba, baada ya kuacha mpira mwaka 2005, maumivu ya vifundo yalimzidi hata akamwomba daktari amkate miguu. Huyo alikuwa mshambuliaji ambaye watu walimshangilia wakiwa wamesimama. Siku alipomwomba daktari maneno hayo, wale washangiliaji walikuwa wamekwisha kwenda kumshangilia mwingine.

Basi, ni nani aliyepanga haya? Hapa ndipo ilipo shina ya jambo lenyewe. FIFA ina mashindano yake, nayo yataka yakue. UEFA ina yake. Kila ligi ina yake, na kila klabu ina mikataba yake ya televisheni na ya wafanya biashara. Kila mmoja aongeza kidogo upande wake, na kila mmoja, majeraha yakizidi, amnyoshea mwenziwe kidole. Lakini mwili unaoyabeba mashindano hayo yote ni mmoja, na mwenye mwili huo hana kiti katika baraza lo lote linalopanga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na hawa wapangao ratiba hawajapata kulala juu ya kitanda hicho, au walilala zamani wakasahau.

Wala vilabu visijifanye vimeonewa. Ni kweli kwamba FIFA yawachosha wachezaji ambao mishahara yao hulipwa na vilabu. Lakini ni vilabu hivyo hivyo vilivyoigeuza miezi ya kuujenga mwili kuwa miezi ya safari za biashara. Ligi ya Uingereza ilikwisha tarehe 19 Mei, 2024. Siku 3 baadaye, tarehe 22 Mei, Tottenham na Newcastle zilikuwa Melbourne, Australia, zikicheza mchezo wa kirafiki. Mwaka 2025 Manchester United ilimaliza ligi tarehe 25 Mei, na tarehe 28 Mei ilikuwa Kuala Lumpur, Malaysia. Urafiki gani huo umpelekao mtu aliyechoka upande wa pili wa dunia kabla jasho lake halijakauka? Jina lake hasa ni biashara, na biashara hiyo mchezaji hakuulizwa.

Twajua jibu litakalotolewa. Watasema, "Hawa ni matajiri, mshahara wao wa wiki moja wamshinda mkulima wa miaka 20, wavumilie." Neno hili lapendeza masikioni, hasa masikioni mwa watu maskini, lakini halina haki. Kwanza, mshahara mkubwa haununui mwili mwingine. Kati ya wachezaji wa vilabu vikubwa waliokatika kano kuu ya goti, uchunguzi wa miaka 15 ulikuta kwamba miaka 3 baadaye asilimia 65 tu ndio waliokuwa bado wakicheza katika daraja la juu. Pili, matajiri hao ni wachache. Nyuma yao wamo maelfu ya wachezaji wa kulipwa ambao mshahara wao ni wa kawaida na mkataba wao ni wa mwaka mmoja au miwili. Mtu wa namna hiyo akiumwa hunyamaza, kwa kuwa ajua kwamba yuko mwingine anayengoja nafasi yake. Tatu, na hili ndilo kubwa, haki ya mfanyakazi kupumzika haipimwi kwa mshahara wake. Vyama vya wafanyakazi duniani vilipopigania saa za kazi na siku ya mapumziko, havikusema kwamba haki hiyo ni ya wenye mshahara mdogo tu. Vilisema ni ya mtu, kwa kuwa ni mtu.

Msomaji aweza kuuliza: haya ya Ulaya yatuhusu nini? Yatuhusu sana, maana yamekwisha fika nyumbani. Mchezaji wa klabu kubwa ya Dar es Salaam ana michezo 30 ya Ligi Kuu. Ana Kombe la Shirikisho la nyumbani. Ana Ngao ya Jamii. Mwezi wa Januari ana Kombe la Mapinduzi huko Zanzibar. Ana mashindano ya Afrika, ambayo safari zake ni za anga refu na za kubadilisha ndege. Na juu ya yote ana timu ya taifa. Tarehe 20 Oktoba, 2023, shindano jingine jipya, Ligi ya Kandanda ya Afrika, lilizinduliwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa mchezo wa Simba na Al Ahly. Tulilishangilia, na hatukukosea kulishangilia. Ila hatukuuliza ni lipi litakalopunguzwa ili hili lipate nafasi.

Utazame mwaka 2025. Simba ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwezi Mei, na mchezo wa marudiano ukapelekwa Unguja kwa sababu ya hali ya uwanja wa Dar es Salaam. Ligi ikasogea mbele, hata mchezo wa Simba na Yanga ukachezwa tarehe 25 Juni. Tarehe 2 Agosti Tanzania ilifungua mashindano ya CHAN, ya wachezaji wa ligi za nyumbani, yaliyoandaliwa pamoja na Kenya na Uganda. Kati ya tarehe hizo mbili zimo siku 38, na kutoka humo utoe siku za kambi. Kinachobaki ndicho kilichoitwa likizo. Tuna furaha kwamba nchi zetu 3 zilipewa pia Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Lakini kama tutajenga viwanja vya kupendeza na kuwaingiza humo vijana waliochakaa, tutakuwa tumepamba nyumba na kumsahau mwenye nyumba.

Wala tusisahau kwamba mchezaji wa kwetu ana mashaka ambayo mwenzake wa Ulaya hana. Huyo wa Ulaya akichanika, ana daktari, ana mtaalamu wa viungo, ana picha iliyopigwa siku ile ile. Wa kwetu, hasa wa klabu ndogo, mara nyingi hukandwa kwa maji ya moto, akafungwa bendeji, akaulizwa kama Jumamosi ataweza. Tukiiga wingi wa michezo wa Ulaya bila ya kuiga matibabu yake, tutakuwa tumechukua ugonjwa tukaiacha dawa.

Sasa tuseme tunalolitaka. Kwanza, uwekwe mpaka wa michezo ambayo mtu mmoja aweza kucheza kwa mwaka, ya klabu na ya taifa ikihesabiwa pamoja, na mpaka wa vijana uwe chini zaidi. Pili, mapumziko yawe sheria yenye adhabu. Mwezi Julai 2025, baada ya mkutano uliofanywa New York, FIFA ilitangaza kwamba imekubaliwa ziwepo saa 72 kati ya mchezo na mchezo, na siku 21 za mapumziko mwisho wa msimu. Hiyo ni hatua, nasi twaisifu kwa kadiri yake. Lakini wachezaji walikuwa wakidai wiki 4, na FIFPRO, muungano wa vyama vya wachezaji wa nchi mbalimbali, haukualikwa katika mkutano huo. Kumpangia mtu mapumziko bila ya kumwita ni kuendelea na desturi ile ile iliyotufikisha hapa.

Tatu, basi, vyama vya wachezaji vipewe viti katika kila baraza linalopanga ratiba, kuanzia FIFA hadi mashirikisho yetu ya hapa. Vyama vya Uingereza na Ufaransa vililazimika kwenda mahakamani Brussels mwezi Juni 2024, na FIFPRO pamoja na ligi za Ulaya wakapeleka mashtaka yao mbele ya Tume ya Ulaya mwezi Oktoba mwaka huo, kwa sababu mlango wa mazungumzo ulikuwa umefungwa. Haifai haki itafutwe kwa mawakili pale ambapo kiti kimoja mezani kingetosha. Nne, neno la daktari liwe la mwisho. Daktari akisema huyu hachezi, asiwepo kocha, wala mwenyekiti, wala mfadhili wa kulipindua. Na daktari huyo asiwe mtu awezaye kufukuzwa kazi kwa kusema hivyo. Tano, vilabu vyetu vilazimishwe kuwakatia wachezaji bima na kuwa na mtaalamu wa viungo, kabla ya kupewa ruhusa ya kucheza ligi.

Neno letu la mwisho ni kwa wachezaji wenyewe, na kwa sisi tunaowatazama. Ninyi wachezaji, jiungeni katika vyama vyenu. Simba na Yanga mwaweza kushindana uwanjani na mkawa kitu kimoja mkutanoni, kwa maana paja la mmoja halina rangi ya jezi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na sisi watazamaji tuache kumzomea mchezaji aliyesema ameumia, na tuache kumwita shujaa yule aliyecheza juu ya sindano. Tumeona jinsi kadi nyekundu ilivyoiokoa miguu ya wachezaji wa jana, kwa sababu watu walikubaliana kwamba teke la nyuma si mchezo. Ratiba isiyompa mtu nafasi ya kupumzika nayo ni teke la nyuma, na wakati umefika wa kuinyoshea kadi.